Ukungu wa Silent Hill: Je, Michezo ya Video ya Zamani Itolewe Upya?

Suala la kutoa upya michezo ya video ya zamani kwa ajili ya mitambo mipya limewagawa watu. Wapo wanaosema ya kale ni dhahabu, yaletwe yote. Wengine wanasema huo ni ulaji tu, eti kampuni inakuuzia leo kitu ulichokwisha kukinunua jana. Makala haya yanaona kuwa pande zote mbili zinaliruka swali la msingi: hicho kinachotolewa upya ni kazi ileile kweli? Hebu tulijibu kwa kufuata historia ya kitu kimoja tu, ukungu.

Mwaka 1999 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa Silent Hill kwa mtambo wa PlayStation. Mtambo ule haukuwa na nguvu ya kuchora mji mzima kwa mara moja. Watunzi wakafanya nini? Wakaufunika mji kwa ukungu na giza. Lakini ukungu ule haukubaki kiraka. Mchezaji anatembea bila kuona mbali, anasikia kitu na hakioni, na hofu yote imekaa hapo. Udhaifu wa chombo ukageuka kuwa fani.

Ushahidi tunaupata katika Silent Hill 2 ya mwaka 2001. PlayStation 2 ilikuwa na nguvu zaidi, ila ukungu ulibaki. Mhusika mkuu, James Sunderland, anafika mjini baada ya kupata barua ya mkewe aliyekwisha kufariki, na kuna jambo alilolitenda mwenyewe ambalo hataki kuliona. Ukungu uko mjini na uko moyoni mwake. Ukiuondoa, hujafuta vumbi kwenye picha, umegusa maudhui.

Basi mwaka 2012 ikaja Silent Hill HD Collection, yaani mchezo wa pili na wa tatu kwa PlayStation 3 na Xbox 360. Waliopewa kazi hiyo walikabidhiwa programu ambayo haikuwa ile ya mwisho, kwa kuwa ya mwisho haikuwa imehifadhiwa. Matokeo yake ukungu ukawa hafifu, na mahali pengine mchezaji aliona hadi pale mandhari inapokatika. Wenye PlayStation 3 walipata marekebisho. Wenye Xbox 360 wakaambiwa hayatakuja.

Kisa hicho hakiko peke yake. Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004 ilitolewa upya mwaka 2021, na ukungu wa mbali ukaondolewa. Nchi iliyokuwa ikionekana kama jimbo zima ikawa kama kiwanja, kwa sababu kutoka juu angani uliweza kuona miji yake yote kwa pamoja. Baya zaidi, kampuni ya Rockstar ilikuwa imeyaondoa sokoni matoleo ya zamani. Malalamiko yalipozidi, iliomba radhi na kuyarudisha yale ya kompyuta.

Je, tuseme basi michezo isitolewe upya? Hapana. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation ulionyesha kuwa asilimia 87 ya michezo iliyotoka Marekani kabla ya 2010 ilikuwa haipatikani tena madukani. Mitambo ya kale inakufa, na diski zinachakaa. Anayekataa kazi hizi zisihamishwe anazihukumu kusahaulika.

Sisi wa fasihi tatizo hili tunalijua. Tenzi zetu za kale zilipohamishwa kutoka hati ya Kiarabu kwenda hati ya Kirumi, mhariri aliyekutana na neno gumu aliweza kulidhania kosa akalisahihisha. Bila mswada wa kulinganishia, sisi tungejuaje? Kuhamisha si dhambi, ila kuhamisha halafu kuuficha mswada ni kumnyang'anya msomaji haki yake.

Kwa hiyo michezo itolewe upya kwa masharti mawili: toleo la asili liendelee kupatikana, na kilichobadilishwa kitajwe wazi. Anayetaka kuitunga kazi upya kabisa naye aseme hivyo, kama ilivyofanyika kwa Silent Hill 2 mwaka 2024. Kampuni ya Bloober Team ya Poland iliujenga mji ule upya kwa PlayStation 5 na kompyuta, mitambo isiyo na haja tena ya kuficha majengo ya mbali. Hata hivyo ukungu waliuacha. Hao walikuwa wameisoma kazi kabla ya kuigusa.