Kwa nini kompyuta za meza moja hupishana sauti kwenye mkutano wa mtandaoni

Watu watatu wamekaa meza moja, kila mmoja na kompyuta mpakato yake, wote wameingia kwenye mkutano uleule. Mwenzao aliye mkoani anasalimia mara moja, lakini chumbani salamu inasikika mara tatu.

Spika si mbovu. Sauti husafiri kwenye intaneti ikiwa imekatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na pakiti hazifiki kwa mwendo mmoja. Ili maneno yasikatike, kila kifaa huziweka kwanza kwenye akiba fupi. Kimoja kikisubiri milisekunde 40 (milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde) na kingine 100, tayari kuna mwangwi. Sikio huvumilia kidogo: Mjerumani Helmut Haas alionesha mwaka 1949 kwamba sauti ileile ikijirudia upesi sana, ubongo huipokea kama moja. Kwa maneno, uvumilivu huo huisha kwenye milisekunde 40 hivi.

Dawa yake ni saa. Kila pakiti hupewa muhuri wa muda, na vifaa vikikubaliana sasa ni saa ngapi, vyote huicheza kwa pamoja. Mfumo wa NTP, ulioasisiwa na Mmarekani David Mills mwaka 1985, hufanya hivi: kifaa huiuliza seva saa, hupima swali na jibu vimechukua muda gani njiani, kisha hukadiria kwamba nusu ya muda huo ni ya kurudi.

Kulinganisha mara moja hakutoshi. Saa ya kompyuta hutegemea fuwele ya kwatzi, na hakuna fuwele mbili zinazokwenda sawa kabisa. Zikitofautiana kwa sehemu 50 tu katika milioni, vifaa huachana milisekunde 3 kila dakika, 180 kwa saa nzima. Kwa hiyo programu inabidi iendelee kuvuta au kubana sauti kidogokidogo, bila msikilizaji kugundua.

Anayeumia zaidi ni yule wa mkoani. Programu huondoa kwenye maiki sauti ya spika ya kompyuta yake yenyewe; ya jirani haiijui, hivyo inamrudishia maneno yake mwenyewe.

Google Meet ilianza mwaka 2024 kuunganisha kompyuta za chumba kimoja zifanye kazi kama kifaa kimoja. Kama programu yenu haina uwezo huo, chagueni kompyuta moja ya sauti. Nyingine zizimwe maiki na spika. Wengi huzima maiki tu.