Nani Atamsomesha Mkimbiaji?



Kumezuka shauri miongoni mwetu tuliosoma Ndanda la kuanzisha mfuko wa kumlipia masomo ya chuo kijana mmoja kila mwaka, naye awe mwanamichezo mwenye dalili za uongozi. Wako waliolipokea kwa makofi. Wako walioguna: mpira tena? Mbona tusimpe yule aliyefaulu hesabu? Mhariri ameniomba niandike historia kidogo ya jambo hili, na kwa hakika historia inayo, tena siyo fupi kama wengi tunavyodhani.

Sharti la namna hii lilipata umaarufu duniani kutokana na wasia wa beberu. Cecil Rhodes alifariki mwaka 1902, akaacha sehemu ya mali aliyoichuma katika almasi na dhahabu za kusini mwa Afrika isomeshe vijana katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alitaka mtahiniwa asipimwe kwa vitabu peke yake, bali kwa michezo ya uwanjani, kwa tabia, na kwa moyo wa kuwaongoza wenzake. Wanawake walifungiwa mlango huo mpaka mwaka 1977. Wakenya walipata nafasi yao mwaka 1986. Waafrika ndio waliochimba, na wajukuu zao ndio waliongoja kupita kiasi. Hata hivyo wazo lenyewe, kwamba uwanja wa michezo unaweza kuonyesha jambo ambalo karatasi ya mtihani hailioni, halikuwa wazo baya. Tunaweza kulichukua bila kumshukuru mwenyewe.

Wamarekani walilifanya kwa njia yao. Vyuo vyao vina timu, timu zina makocha, na wanafunzi wa zamani huchangia fedha nyingi ili chuo chao kishinde. Kwa mlango huo Waafrika wa Mashariki wakaanza kuingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mkenya Stephen Machooka alikuwa akikimbilia Chuo Kikuu cha Cornell. Robert Ouko na Julius Sang walikuwa wanafunzi kule North Carolina, na mwaka 1972 walikuwa katika timu ya Kenya iliyotwaa dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne mjini Munich. Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 katika michezo hiyo hiyo, alisoma New Mexico, akaendelea mpaka akapata shahada ya udaktari, akarudi kwao kufundisha.

Nawaomba muangalie jinsi nafasi hizo zilivyopatikana. Aghalabu aliyetangulia ndiye aliyemwambia kocha wake habari za ndugu yake, au za kijana wa shule yake ya zamani. Shule ya Mtakatifu Patrick kule Iten, ambako Bruda Colm O'Connell wa Ireland alifika mwaka 1976, ilitoa vijana wengi wa namna hiyo. Peter Rono alitoka shule hiyo, akaenda chuo cha Mount St. Mary's, na mwaka 1988 akashinda dhahabu ya mita 1,500 mjini Seoul. Hapakuwa na mfuko wala katibu. Palikuwa na bahasha na stempu, na mtu asiyesahau alikotoka.

Sisi Watanzania tulikuwa na El Paso. Chuo Kikuu cha Texas katika mji huo kiliwachukua akina Suleiman Nyambui na Gidamis Shahanga. Nyambui alishinda mbio za nyika za vyuo vya Marekani mwaka 1980, na mwaka huo huo akapata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow. Filbert Bayi naye alipata fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mpaka michezo ya Paris ya mwaka 2024, hizo mbili ndizo medali pekee nchi yetu iliyopata kuleta kutoka Olimpiki. Moja ililetwa na mwanafunzi na ya pili na mwanajeshi. Siyo ajabu. Kwa mkimbiaji wa Tanzania wa wakati ule, mwajiri wa kutegemewa lilikuwa jeshi, na ndiko alikotoka pia Juma Ikangaa, mshindi wa New York mwaka 1989. Kwa asiyevaa magwanda, njia ilikuwa nyembamba.

Lakini njia ya Marekani nayo ilikuwa na miiba. Chuo kilimtaka mtu kwa ajili ya miguu yake. Henry Rono, mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia kwa muda wa siku 81 mwaka 1978. Baadaye pombe na ukosefu wa fedha vilimwelemea kwa miaka mingi, habari ambazo mwenyewe alizisimulia kitabuni bila kujificha, na mwaka 2024 akafariki Nairobi. Kila nikisikia watu wakisema tumpeleke kijana akimbie, namkumbuka yeye. Mkataba uliishia kwenye utepe wa mwisho wa mbio.

Sasa nirudi kwetu. Misheni ya Ndanda ilianzishwa mwaka 1906, baada ya misheni za Lukuledi na Nyangao kuteketezwa katika Vita vya Majimaji mwaka 1905. Wabenediktini walipachagua mahali hapa chini ya mteremko wa uwanda wa Makonde, penye maji. Juu uwandani, Newala na kwingineko, maji yalikuwa shida kubwa. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde wa miaka ya 1950, na hata baada yake bomba likikatika, watu walishuka makorongo kwa saa nyingi na kupanda tena na mtungi kichwani. Sijui kocha gani angetunga zoezi kali kuliko hilo.

Hayati Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, alisoma Ndanda kabla ya kwenda Kigonsera na Pugu, kisha Makerere. Leo uwanja mkubwa wa Dar es Salaam, ambao ujenzi wake ulianza katika urais wake, unaitwa kwa jina lake. Mashabiki wachache wanaokaa mle wanajua kwamba jina hilo lilipita katika madawati yetu.

Mimi nilifika wakati shule imekwisha kuwa ya serikali, kufuatana na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Ada za sekondari zilikuwa zimefutwa tangu 1964. Tulilima shamba la shule kama Elimu ya Kujitegemea ilivyotaka, jioni tukaenda uwanjani. Bweni letu lilikuwa na kiranja kutoka upande wa Newala, jina nalihifadhi. Alikimbia pekupeku, na hapakuwa na wa kumshika. Lakini katika mazoezi ya mbio za nyika hakukaa mbele. Alikaa nyuma kabisa, akiwasukuma wadogo wa kidato cha kwanza, akibeba viatu vya aliyechubuka. Nafasi za kidato cha tano zilikuwa chache nchi nzima, naye hakupata. Hakuna aliyemwonea. Alirudi kwao kwenye mikorosho, na wenzake kijijini wakamchagua kuwa mwenyekiti, mara moja na mara nyingine tena. Kama pangekuwapo wakati ule jicho la pili lililoona kile tulichokiona sisi tuliolala naye bweni moja, sijui angefika wapi. Ndiyo maana mimi si miongoni mwa wanaoguna.

Ila neno uongozi linanitia wasiwasi, na hapa naomba mnivumilie. Nchi yetu imepata kulijaribu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilisema kijana asiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Afanye kazi kwanza, apate barua ya mwajiri na ya tawi la chama kuhusu tabia na moyo wake wa kutumikia. Wazo lilikuwa zuri. Lakini barua huandikwa na mtu, na mtu ana binamu. Walikuwako walioandikiwa vizuri kwa sababu walistahili, na walikuwako walioandikiwa vizuri kwa sababu walijua kusalimia. Mpango huo ulilegezwa hatua kwa hatua mpaka ukaisha. Tukisema tunataka kijana mwenye uongozi, hapana budi tuseme pia nani atakayethibitisha. Mimi nisingemwuliza mkuu wa shule peke yake. Ningewauliza watoto wa kidato cha kwanza.

Mambo ya fedha nayo yamebadilika tangu enzi zetu. Ada za sekondari zilirudi katikati ya miaka ya 1980, vyuo vikafuata kwa mpango wa kuchangia gharama, na sheria ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Mkopo ni msaada mkubwa, lakini ni deni, tena hauulizi kama mwombaji alikuwa nahodha. Michezo ya UMISSETA nayo ilipata kusimamishwa kwa miaka kadhaa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na shule nyingi zikaacha viwanja viote majani.

Mfano ulio karibu zaidi na shauri letu uko Kenya. Mwaka 2004 Mike Boit na mwandishi wa Kimarekani John Manners walianzisha mpango uitwao KenSAP kule Iten. Walitafuta vijana waliofaulu sana mtihani wa kidato cha nne, wakawakimbiza mita 1,500, wakawafundisha mitihani ya kuingilia vyuo vya Marekani. Vijana wakapokelewa Harvard, Yale na Princeton, na vyuo hivyo ndivyo vilivyolipa. Wafadhili walilipia maandalizi tu. Kilichonifurahisha ni kwamba wengi hawakuwa wakimbiaji wa kutisha. Mbio zilifungua mlango, na kichwa ndicho kilichokaa ndani. Kwa Rono ilikuwa kinyume.

Kwa hiyo mkutanoni nitapendekeza hivi. Mfuko ulipie chuo cha hapa hapa Tanzania, mpaka cheti kipatikane, hata kijana akivunjika mguu mwezi wa kwanza. Wasichana wa shule za Masasi na Newala wahesabiwe sawa na wavulana, maana mtungi waliubeba wao zaidi. Michango ikusanywe baada ya minada ya korosho, kuanzia Oktoba, wakati ambapo hata sisi wastaafu tulio na miti michache huwa na kitu mfukoni. Mweka hazina awe mtu anayekaa Ndanda au Masasi, si Dar es Salaam, ili mzazi akiwa na swali apande basi na kumfikia siku hiyo hiyo. Na mfuko usipewe jina la yeyote kati yetu aliye hai.