Mwongozo: Namna ya Kupanga Taarifa za Tovuti kwa Wamiliki wa Nyumba za Mapumziko Handeni na Korogwe

Na Mwandishi Wetu, Korogwe

Wilaya za Handeni na Korogwe mkoani Tanga zipo kwenye njia kuu inayounganisha Dar es Salaam na mikoa ya Kaskazini. Segera ndipo barabara ya kwenda Tanga mjini inapoachana na ile ya Moshi na Arusha, na Mombo ndipo wasafiri wanapoanza kupanda milima ya Usambara kuelekea Lushoto, umbali wa takriban kilomita 33. Wamiliki wa nyumba za kupangisha kwa siku chache wanahudumia watalii, wasafiri wanaokatisha safari, watumishi walio kazini na familia zinazorejea nyumbani wakati wa Krismasi na Idi.

Wengi wa wageni hao hulipa kabla hawajaiona nyumba. Kwa sababu hiyo, taarifa zilizomo kwenye tovuti ndizo msingi wa makubaliano kati ya mwenye nyumba na mgeni. Taarifa pungufu humfikisha mgeni usiku mahali asipopatarajia, na humwachia mwenye nyumba mzigo wa kurejesha fedha.

Kurasa za msingi

Tovuti ya nyumba ya mapumziko haihitaji kurasa nyingi. Kurasa sita zinatosha: utangulizi, maelezo ya nyumba, mahali na usafiri, bei na masharti, uwekaji nafasi, na mawasiliano. Mwenye nyumba zaidi ya moja aipe kila nyumba ukurasa wake, wenye picha zake, ili mgeni asilipie nyumba moja akidhani ni nyingine.

Maelezo ya nyumba yaanze na yale ambayo mgeni huyauliza kwanza: idadi ya vyumba na vitanda, aina ya choo, upatikanaji wa maji na tangi la akiba, umeme wa dharura, vyandarua, jiko na maegesho ya magari. Kisichokuwepo kitajwe pia. Picha zipigwe mchana, zioneshe hali ya sasa, na zipunguzwe ukubwa ili zifunguke upesi kwenye simu.

Mahali na usafiri

Kuandika “Handeni” pekee hakutoshi. Mkata na Handeni mjini zote zipo Handeni, lakini zimetengana kwa zaidi ya kilomita 50. Ukurasa huu utaje kata, kijiji au mtaa, kituo cha basi kilicho karibu na alama inayofahamika na wenyeji, pamoja na ramani. Nyumba zilizopo maeneo ya milimani zieleze hali ya barabara wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na aina ya gari linaloweza kufika.

Muda wa kuingia na kutoka uandikwe kwa uangalifu. Saa 8 mchana kwa msomaji wa Kiswahili ni 14:00 kwa mgeni kutoka nje. Kila lugha itumie mfumo wake wa saa.

Bei na masharti

Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma ndani ya nchi kutajwa au kutangazwa kwa fedha za kigeni, isipokuwa pale kanuni zinaporuhusu. Bei zioneshwe kwa shilingi, zikieleza iwapo ni kwa chumba au kwa nyumba nzima, kinachojumuishwa, kiasi cha malipo ya awali, na utaratibu wa kurejesha fedha mgeni anapoahirisha safari.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayetoa huduma kwa njia hiyo kujitambulisha kwa usahihi. Jina la biashara lililosajiliwa, anwani na namba ya simu vionekane wazi. Jina la mpokeaji wa malipo lilingane na jina hilo, kwa kuwa matapeli hunakili picha za nyumba za watu na kuweka namba zao wenyewe.

Taarifa za wageni

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawahusu pia wenye nyumba wanaokusanya majina, namba za simu na nakala za hati za kusafiria. Fomu ya kuweka nafasi iombe yale tu yanayohitajika, ieleze sababu ya kuyaomba, na wahusika wafuate utaratibu wa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kuhuisha taarifa

Kalenda ya nafasi irekebishwe siku ileile nafasi inapochukuliwa, hata kama mgeni amepiga simu au ameletwa na dereva wa bodaboda. Bei, picha na namba za simu zipitiwe walau kabla ya kila msimu wa sikukuu, na tarehe ya marekebisho ioneshwe.

Kabla ya kutangaza nyumba, mmiliki athibitishe leseni na ushuru unaomhusu katika halmashauri yake. Wilaya hizi mbili kila moja ina Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya. Ni muhimu kufahamu nyumba ipo katika eneo la halmashauri ipi.