Neno ‘shield’: maana zake na jinsi ya kulifasiri kwa Kiswahili

NENO la Kiingereza ‘shield’ ni miongoni mwa maneno ambayo mfasiri hudhani anayafahamu hata kabla ya kuyachunguza. Akikutana nalo huandika ‘ngao’, akaendelea na kazi yake. Mara nyingi hakosei. Hata hivyo, zipo sentensi ambamo uteuzi wa haraka wa namna hiyo waweza kumgeuza shahidi anayelindwa na sheria aonekane kama mtoro anayefichwa, au kumfanya mkubwa wa kazi aliyeficha uhalifu aonekane kama mtu aliyetimiza wajibu wake. Makala haya yanafafanua maana kuu za neno hilo na maneno ya Kiswahili yanayostahili kulipokea kila mahali litokeapo.

Asili

Neno hili ni la kale katika Kiingereza na lina ndugu zake katika Kijerumani na Kiholanzi. Wanaisimu hulihusisha na mzizi wenye maana ya kupasua au kutenganisha, yamkini kwa sababu ngao za watu wa kaskazini mwa Ulaya zilitengenezwa kwa mbao zilizopasuliwa.

Neno ‘ngao’ nalo ni la Kibantu. Lina wenzake katika lugha jirani: Wakikuyu husema ‘ngo’, Waganda husema ‘engabo’, na Wanyarwanda husema ‘ingabo’. Katika Kinyarwanda neno hilo lina maana ya ngao na vilevile askari au jeshi. Chombo cha kujikingia na mtu anayekishika vimepewa jina moja. Katika Kiswahili, ngao imo katika ngeli ya I-ZI, nayo haibadiliki katika wingi: ngao hii, ngao hizi.

Ngao kama kifaa na alama

Maana ya msingi ni kifaa ambacho mpiganaji hukishika mkononi ili kupokea pigo la mkuki, mshale au upanga. Ngao ya Wamaasai, iliyotengenezwa kwa ngozi ngumu kama ya nyati, ndiyo iliyopewa nafasi katikati ya bendera ya Kenya mwaka 1963, nyuma yake ikiwa mikuki miwili iliyopishana. Katika nembo ya taifa, ngao inashikwa na simba wawili. Hapa hapana utata: ‘shield’ ni ngao.

Ngao za plastiki wanazobeba polisi wa kutuliza ghasia ni za maana hiyohiyo. Aidha, kutokana na desturi ya kuwatuza washindi kwa kibao chenye umbo la ngao, neno hili limeingia michezoni. Mashabiki wa soka wanaijua Ngao ya Jamii, mechi inayofungua msimu wa Uingereza. Ilianza mwaka 1908 ikiitwa Ngao ya Hisani, na jina likabadilishwa mwaka 2002.

Wimbo wa taifa wa Kenya, ulioandaliwa na jopo la watu watano kwa mahadhi ya bembea za Wapokomo, nao unaitaja ngao katika ubeti wa kwanza. Ngao inayotajwa humo ni haki. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba wimbo huo unaweka ngao na mlinzi sambamba, bila kuona kwamba neno moja linalifanya lingine kuwa la ziada. Tofauti ya mawili hayo ndiyo ufunguo wa suala zima. Ngao hukaa mbele na kupokea pigo. Haioni wala haiamui. Mlinzi hukesha, hutazama na kutenda.

Katika taaluma mbalimbali

Wanasayansi wamelitumia neno hili kwa kufuata ama umbo la ngao ama kazi yake. Linapofuata umbo, ‘ngao’ inatosha. Wanajiolojia huita volkano yenye miteremko ya taratibu, iliyotandazika kama ngao iliyolazwa chini, volkano ya ngao. Mauna Loa katika visiwa vya Hawaii ni mfano maarufu, na Mlima Marsabit kaskazini mwa Kenya ni wa jamii hiyo. Vivyo hivyo, eneo pana la miamba ya kale sana, kama lile la Kanada, huitwa ngao.

Linapofuata kazi, mfasiri hana budi kufikiri zaidi. Chombo cha angani kinaporejea duniani hukutana na joto kali mno, hivyo hufunikwa kwa tabaka linalopokea joto hilo. Tabaka hilo lilipoharibika katika bawa la kushoto la chombo cha Marekani kiitwacho Columbia, chombo kilisambaratika angani tarehe 1 Februari 2003 na wanaanga wote saba wakafa. ‘Ngao ya joto’ inaeleweka hapa kwa sababu kifaa hicho hakika hupokea pigo. Mhandisi Marc Isambard Brunel naye alitumia fremu kubwa ya chuma kuwakinga vibarua wasifukiwe na udongo walipokuwa wakichimba njia chini ya Mto Thames mjini London, kazi iliyoanza mwaka 1825 na njia kufunguliwa mwaka 1843. Hiyo pia ni ngao.

Lakini utando wa waya unaozunguka kebo ili kuzuia mwingiliano wa mawimbi, au vazi la madini ya risasi analovishwa mgonjwa anapopigwa eksirei, hueleweka vizuri zaidi kwa neno ‘kinga’. Janga la korona lilipozuka mwaka 2020, watu walihitaji jina la kile kioo cha plastiki kinachofunika uso mzima. Wapo waliosema ‘ngao ya uso’ na wapo waliosema ‘kikinga uso’. Kifuniko cha pua na mdomo kiliitwa ‘barakoa’, neno la pwani ambalo tangu zamani lilitaja kifuniko cha uso cha wanawake. Lugha haikuunda neno jipya pale ilipokuwa nalo tayari.

Linapokuwa kitenzi

Ugumu hasa huanza neno hili linapotumiwa kama kitenzi. Kiingereza hutumia umbo moja kwa mama anayemfunika mwanawe mvua, askari anayesimama mbele ya raia, na mwanasiasa anayemwokoa rafiki yake asishtakiwe. Kiswahili hakina kitenzi kimoja chenye upana huo, na humlazimu msemaji aamue ni tendo gani linalozungumziwa.

Kitenzi kilicho karibu zaidi ni ‘kukinga’, ambacho maana yake ni kuweka kitu katika njia ya kingine. Gogo lililolala barabarani limekingama. Anayeweka ndoo chini ya paa mvua inyeshapo anakinga maji. Kwa hiyo kitenzi hichohicho chaweza kumaanisha kuzuia kibaya kisipite au kupokea chema kisipotee. Kutoka hapo tumepata kinga ya mwili dhidi ya maradhi na kinga ya kutoshtakiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 143, inampa rais kinga hiyo akiwa madarakani, ingawa haimkingi na mashtaka ya uhalifu uliomo katika mikataba ya kimataifa inayokataza kinga hiyo.

‘Kulinda’ ni kuangalia kitu kisipatwe na madhara, kama afanyavyo anayelinda shamba lisiliwe na ndege. ‘Kuhifadhi’ ni kutunza kitu mahali salama. Ndiyo maana mkimbizi hupewa hifadhi. ‘Kusitiri’ ni kufunika aibu au utupu, nalo ni tendo la heshima. ‘Kutetea’ ni kumsemea mtu. ‘Kuficha’ ni kuondoa machoni. Uko pia msemo wa ‘kumkingia mtu kifua’, ambao unampa mtetezi mwili wake kuwa ngao. Husemwa mtu anapojitokeza hadharani kuyapokea makombora yaliyoelekezwa kwa mwenzake, hata kama mwenzake huyo ana makosa.

Kisarufi, mfasiri ajihadhari na kuiga muundo wa Kiingereza. Si sahihi kusema ‘alimkinga mtoto kutoka kwa mvua’. Kiswahili husema ‘alimkinga mtoto na mvua’. Panapotumika nomino, ‘dhidi ya’ hufaa: kinga dhidi ya malaria.

Neno moja, hukumu mbili

Umuhimu wa uteuzi huu hudhihirika katika habari za mahakama. Tuchukue sentensi ya Kiingereza inayosema kwamba mkuu fulani wa polisi ali-‘shield’ maafisa wake. Mwandishi akiandika ‘aliwalinda’, amemsifu au angalau amemwacha bila lawama. Akiandika ‘aliwakingia kifua’, amesema aliwatetea waziwazi. Akiandika ‘aliwaficha’, amemtuhumu kwa uhalifu, maana sheria ya adhabu ya Kenya inamhesabu mkosaji yeyote anayemsaidia mhalifu aepuke adhabu huku akijua kosa lake. Matini ya Kiingereza huenda haikusema lolote kati ya hayo kwa uwazi. Njia salama ni kueleza tendo lenyewe: alikataa kuwasilisha majina, aliwahamisha kituo, au aliwasemea mbele ya kamati.

Kinyume chake, shahidi anayewekewa pazia au kizimba maalumu hafichwi kwa sababu ya hatia. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inaruhusu shahidi aliye katika hali ya kudhurika kwa urahisi, akiwemo mtoto, atoe ushahidi akiwa nyuma ya kizimba cha kumkinga. Mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Kulinda Mashahidi, na marekebisho ya mwaka 2010 yakaunda shirika la kutekeleza kazi hiyo. Kuandika kwamba shahidi ‘amefichwa’ ni kumtia doa mtu aliyejitokeza kusema kweli. Amelindwa.

Masuala ya fedha nayo yana mtego wake. Wahasibu hutumia neno hili kutaja gharama halali, kama vile riba ya mkopo, zinazopunguza kodi ya kampuni. Hiyo ni nafuu ya kodi. Atakayeandika ‘kukwepa kodi’ atakuwa ametangaza kosa ambalo halikutendeka. Vilevile, sheria za majimbo mengi ya Marekani zinazobeba jina hili, ya kwanza ikiwa ya Maryland ya mwaka 1896, hazihusu vita. Zinawakinga wanahabari wasilazimishwe kutaja waliowapa habari. ‘Sheria ya ngao’ haitamwambia msomaji lolote.

Ngao za binadamu

Pengine hakuna mahali ambapo neno hili lina uzito kuliko katika habari za vita. Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949, Itifaki ya Kwanza ya Ziada ya mwaka 1977 na Mkataba wa Roma wa mwaka 1998 vyote vinakataza kutumia uwepo wa raia kukinga maeneo ya kijeshi yasishambuliwe. Itifaki ya 1977 inaongeza kwamba upande mmoja ukivunja katazo hilo, upande wa pili haujaondolewa wajibu wake wa kuwanusuru raia.

Msemo wa ‘ngao za binadamu’ ni tafsiri sahihi, lakini unanyamaza kuhusu mtendaji. Haumwambii msomaji kama watu hao walilazimishwa, walijitolea, au walikuwa tu majumbani mwao vita vilipowafikia. Kiswahili kina nyenzo za kuondoa ukimya huo: ‘waliofanywa ngao’ si sawa na ‘waliojifanya ngao’, na wote hao si sawa na ‘waliokutwa karibu na wapiganaji’. Kauli ya kutendwa na kiambishi cha kujirejelea hutaja palepale nani alitenda na nani alitendewa. Mwandishi ambaye hajathibitisha lipi lilitokea hana ruhusa ya kuwaita watu hao ngao kwa kauli yake mwenyewe. Amtaje aliyewaita hivyo.

Kwa muhtasari, kitu kinapokaa mbele na kupokea pigo, ‘ngao’ ndilo neno. Kinapozuia madhara bila sura ya kivita, ‘kinga’ hufaa zaidi. Tendo linapokuwa la mtu kwa mtu, mfasiri ajiulize kwanza ni nani anayekingwa, anakingwa na nini, na je, ni dhara au ni haki? Anayekingwa na dhara hulindwa. Anayekingwa na haki hufichwa.