Pembe Ndogo kwa Bega Dogo

Wazazi wenye uwezo wa kusafiri siku hizi wana swali lao: je, inafaa kumpeleka mtoto wa miaka 14 au 16 kwenye meli ndogo ya matembezi, ile isiyo na bwawa la watoto wala chumba cha michezo, ambako abiria wengi ni wastaafu wanaokula polepole na kusikiliza mihadhara juu ya ndege na magofu? Wanaopinga husema kijana atachoka na kuwachosha wengine. Wanaokubali husema atajifunza. Pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja ambalo halisemwi: kwamba kijana ni mgeni wa safari, na hoja iliyobaki ni kama ameandaliwa vitu vya kutosha. Mkazi wa uwanda wa kati wa Tanzania, aliye mbali na bahari kwa mamia ya kilomita, anaweza kudhani swali hili halimhusu. Lakini kusini ya vilima vya Chimwaga, kilipo Chuo Kikuu cha Dodoma tangu mwaka 2007, palipita kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 njia kuu ya misafara kati ya Bagamoyo na Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo. Mvumi, Matumbulu na Bihawana, majina ambayo leo mtu huyasikia kwa kondakta wa daladala, yalikuwa vituo vyake. Msafara ulikuwa shughuli ya watu wazima kuliko meli yoyote ya starehe, na vijana walikuwamo.

Hoja yangu ni kwamba msafara haukumstahimili kijana kwa sababu watu wa zamani walikuwa wagumu au hawakujali watoto, kama inavyodhaniwa mara nyingi. Ulimweza kwa sababu ulikuwa na mahali pake: mzigo uliolingana na mwili wake, chungu alichokulia pamoja na wenzake, mtu mzima aliyemjibia, na jina lililomngoja akirudi nyumbani. Pale vitu hivyo vilipokosekana, safari ileile, kwenye njia ileile, ilimvunja. Ugogo ni mahali pazuri pa kuipima hoja hii, maana hapa njia ilikuwa haina huruma na hapakuwa na nafasi ya kubeba mtu wa bure.

Tuanze na mzigo. Pagazi wa kawaida alibeba kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, bila kuhesabu mkeka wake, chakula chake na silaha yake. Pembe kubwa ya ndovu ilifungwa kwenye mti ikachukuliwa na watu wawili. Richard Burton, mpelelezi Mwingereza aliyepita Ugogo na John Speke mwaka 1857, aliandika kwamba wavulana wa Kinyamwezi wa miaka sita au saba walikuwa tayari wanajitwisha pembe ndogo mabegani, na kwamba kwa watu wale upagazi ndio uliokuwa kipimo cha uanaume. Burton aliwafananisha watoto hao na mbwa wa kuwinda wanaozaliwa na silika ya kazi yao, na kwa tusi hilo peke yake msomaji ana haki ya kumtilia shaka. Mzungu aliyewachukia wapagazi wake aliona kabila lenye damu ya kubeba. Huenda hakuona watoto walioiga baba zao uani. Hata hivyo ushahidi wake hauko peke yake. Robo karne baadaye alikuja Alfred Swann, baharia Mwingereza aliyeajiriwa na Shirika la Wamisionari la London, na kazi yake ilikuwa ya ajabu kidogo: kusaidia kuipitisha nchi kavu mashua ya chuma iitwayo Morning Star, vipande vipande juu ya mikokoteni iliyokokotwa na watu, hadi Ziwa Tanganyika ilikoshushwa majini mwaka 1883. (Kwa hiyo Ugogo umewahi kupitiwa na chombo cha majini, ingawa hakuna aliyekipanda.) Swann hakuwa na dharau ya Burton. Aliwasifu Wanyamwezi, akaeleza kwamba kijana wao hakuruhusiwa kuoa kabla hajapeleka mzigo wa pembe pwani na kurudi na mzigo wa kitambaa au waya wa shaba. Watu wawili waliotofautiana tabia na makusudi, mmoja anadharau na mwingine anastaajabu, wanakutana kwenye jambo lilelile. Hapo silika haina kazi tena. Tunaona utaratibu: pembe ndogo kwanza, nzima baadaye, mke mwishoni.

Utaratibu huo ulijaribiwa vikali baada ya Mpwapwa. Kati ya Chunyo na vijiji vya kwanza vya Wagogo kulikuwa na Marenga Mkali, nyika ya karibu kilomita 50 isiyo na maji ya kutegemea. Misafara iliivuka kwa mwendo wa terekeza: watu walipika na kunywa asubuhi, wakaondoka jua likiwa kali, wakatembea mpaka usiku, wakalala bila maji, kisha wakaamka mapema kukimbilia kisima cha siku ya pili. Mbele alikwenda kirangozi, na hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia. Wanyampara walishika nyuma kuwasukuma waliochoka. Mvulana katika mwendo kama huo hakuweza kuwa mtazamaji. Maji ya kibuyu yaligawanywa kwa waliokula chungu kimoja, na waliokula chungu kimoja kwa kawaida walikuwa ndugu, majirani au watu wa kijiji kimoja. Aliyebaki nyuma alikuwa na mtu wa kumrudia. Wakishafika Ugogo ilianza kazi nyingine, ya kungoja. Watemi wa Wagogo walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kwa vitambaa vya merikani na kaniki na kwa shanga, kwa kuwa visima vilichimbwa na watu wao na nafaka iliyouzwa kambini ilitoka mashambani mwao. Wasafiri wa Ulaya waliiita unyang'anyi. Mimi naona ni bei ya maji katika nchi ambayo maji hayapatikani bure, ingawa watemi wengine, Magomba wa Kanyenye akiwa mmojawapo wa waliosemwa sana, walijua kuirefusha biashara. Mazungumzo yaliweza kuchukua siku kadhaa. Siku hizo ndizo zilizokuwa na kazi nyingi kwa vijana: kuni, maji, kuchunga punda na mbuzi, kutwanga, kulinda mizigo usiku. Watu wazima walibishana juu ya doti za kitambaa, na kijana aliyekuwa akipeleka maji alisikia kila neno. Sijui shule nyingine iliyofundisha bei, lugha na adabu za ugenini kwa mpigo mmoja namna hiyo.

Kwa upande wa matajiri wa pwani tunaye shahidi aliyejieleza mwenyewe, na kwa Kiswahili. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyaandika uzeeni, anasema alianza safari fupi za biashara ya sandarusi akiwa na miaka 12, pamoja na jamaa zake, na alipofika miaka 18 akaenda bara na baba yake. Linalovutia zaidi ni kisa cha baadaye kidogo, baba alipotaka mali yao isafiri chini ya uongozi wa mtu mwingine. Kijana alikataa. Afadhali arudi pwani kuliko kuifuata mali ya nyumbani kwake kama mpambe wa mtu. Baba akakubali kumkabidhi. Tippu Tip aliishia kuwa mtu wa pembe, bunduki na watumwa, wala simleti hapa kama mfano wa malezi mema. Namleta kwa kuwa kisa chake kinaonyesha jinsi ngazi ilivyofanya kazi: mwenye mzigo mdogo jana anaweza kudai mkubwa leo, na madai yake yakasikilizwa, kwa kuwa kila mtu ameona alivyopanda.

Hapa msomaji makini atanikatiza, na ana haki. Njia hii ilipitisha pia watoto ambao hawakuwa na baba msafarani, walionunuliwa au kutekwa, na kuzungumza juu ya mafunzo ya wavulana huku tukiwapita hao ni kupaka rangi ukuta uliooza. Nakubali. Lakini watoto hao ndio wanaoithibitisha hoja. Mwaka 1871, Unyanyembe, mfanyabiashara Mwarabu alimpa mwandishi wa habari Henry Morton Stanley mtoto mtumwa aitwaye Ndugu M'hali. Stanley akambadilisha jina akamwita Kalulu, akapita naye Ugogo akirudi pwani mwaka 1872, akampeleka Uingereza na Marekani, akaandika hadithi yenye jina lake. Kalulu alikuwepo London kwenye mazishi ya mmisionari na mpelelezi David Livingstone mwaka 1874. Mwishoni mwa mwaka huohuo alikuwa tena kwenye msafara kuelekea Ugogo, safari ya mvua na njaa. Hakukosa chakula kuliko wengine, wala hakufungwa mnyororo. Pengine hakuna kijana wa njia ile aliyefadhiliwa kama yeye. Alichokosa ni mahali. Kazi yake ilikuwa kubeba bunduki ya bwana na kusimama nyuma ya kiti chake, na kazi hiyo haina ngazi ya juu yake. Mwaka 1876, karibu na Ujiji, alitoroka, akatafutwa akarudishwa. Mwaka uliofuata alizama kwenye maporomoko ya mto Kongo, na Stanley akayapa maporomoko hayo jina la Kalulu. Mvulana wa Kinyamwezi aliyetembea njia hiyohiyo na mjomba wake alikuwa maskini kuliko Kalulu, na nina hakika hakuna aliyeandika jina lake popote. Ila kuhusu yeye tunajua alikotarajiwa kurudi.

Pingamizi la pili ni la wasichana. Misafara ya Wanyamwezi ilikuwa na wanawake, wake za wapagazi na wengine waliobeba wenyewe, na mabinti walifuata mama zao. Watu waliouchukua mwili wa Livingstone kutoka Chitambo mwaka 1873 hadi Bagamoyo mwaka 1874, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao, walikuwa na msichana wa miaka kama kumi, Losi. Mashariki ya Unyanyembe, kabla hawajafika Ugogo, aliumwa na nyoka njiani akiwa na mtungi wa maji kichwani, akafa palepale. Mtungi ule unaeleza mengi. Losi alikuwa na kazi na alikuwa na watu wake, lakini sioni ushahidi kwamba safari ya pwani ingempa binti cheo ilichompa kaka yake. Ngazi niliyoisifu ilijengwa kwa miguu ya wavulana. Kwa wasichana kazi ilikuwa ileile na malipo yake ya heshima yalikuwa haba. Kifo chake kinajibu pia wale wanaotaka kuifanya njia ile kuwa bustani ya malezi. Ndui, kiu, simba na vita vya mtemi Mirambo wa Wanyamwezi havikuuliza umri. Sidai njia ilikuwa salama. Nadai tu kwamba hatari na kutengwa ni mambo mawili, na kwamba sisi tumekuwa hodari wa kuzuia la kwanza huku tukilikaribisha la pili.

Na Wagogo wenyewe? Vijana wao hawakuwa wepesi kujitwisha mizigo ya wageni. Walikuwa na ng'ombe wa kuchunga, na njia yao ya kuwa watu wazima ilipita kwenye jando, ikumbi, chini ya wazee wa nyumbani. Walichofanya kambini ni kuja kutazama. Burton alikereka kwa jinsi alivyokodolewa macho Ugogo. Nadhani hakuelewa kwamba siku zile yeye ndiye aliyekuwa burudani.

Utaratibu wa msafara haukufa kwa kuonekana mbaya. Wajerumani waliweka boma Mpwapwa mwaka 1889, hongo ikakomeshwa, na reli iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Juu ya reli hiyo meli nyingine ilipita Ugogo, Graf von Götzen, ikiwa imefungwa kwenye makasha. Ndiyo Liemba ya leo. Mzigo uliomchukua pagazi miezi sasa ulichukua siku, na pembe ndogo haikuhitaji tena bega dogo. Kisha, ghafla, upagazi ukarudi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoingia nyikani, majeshi ya pande zote mbili yaliwachukua watu wa Ugogo kwa nguvu kubeba risasi na unga, pamoja na ng'ombe na nafaka zao, na vita ilipokwisha ikafuata njaa ya 1918 hadi 1920 ambayo Wagogo wanaiita Mtunya. Mzigo mgongoni ulikuwa wa kilo zilezile za zamani. Lakini aliyechukuliwa hakuchagua wa kwenda naye, hakula na watu wa kwao, na hakuna mchumba aliyekuwa akimngoja kwa sababu ya safari ile. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosimulia upagazi wa karne ya 19 na ule wa vita kama kitu kimoja kwa sababu tu yote mawili yalikuwa kutembea na kubeba.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inaleta wanafunzi kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa chache, na wengi wanaoshuka kwenda Chimwaga wana umri ambao Mnyamwezi wa mwaka 1860 angekuwa ameshafika pwani na kurudi. Mzazi anayepima ile meli ndogo angefanya vyema kuacha kuuliza kama kuna michezo ya kutosha, akauliza kijana wake atakula meza moja na nani, nani atamjibia akichelewa bandarini, na kama katika siku zote za safari kuna jambo hata moja ambalo watu wazima wa meli hiyo watalikosa yeye asipolifanya. Kwenye meli nyingi za namna hiyo, kwa ninavyojua zinavyoendeshwa, swali la mwisho lina jibu gumu: abiria wote, wakubwa kwa wadogo, hawana kazi.