Metali ya Molekuli za Aina Moja

Msomaji akisikia "metali" hufikiria shaba, chuma au dhahabu. Wanakemia hulitumia neno hilo kwa upana zaidi: fuwele ambayo upitishaji wake wa umeme huongezeka kadiri inavyopoa huitwa metali, hata ikiwa imeundwa kwa molekuli zilizopangwa bega kwa bega.

Kwa muda mrefu fuwele za namna hiyo zilihitaji molekuli za aina mbili, au molekuli na ioni. Katika TTF-TCNQ, iliyovuma mwaka 1973, TTF hutoa sehemu ya elektroni zake na TCNQ huzipokea, ndipo umeme hupata njia. Molekuli za aina moja zisizo na chaji zilitarajiwa kuunda kihami, au nusukipitishi tu, kwa kuwa ngazi zao za chini za nishati zimejaa elektroni na ngazi tupu ya kwanza iko mbali.

Mwaka 2001, nchini Japani, Hisashi Tanaka, Akiko Kobayashi, Hayao Kobayashi na wenzao walitangaza fuwele ya Ni(tmdt)₂. Molekuli yake ni changamano bapa: nikeli katikati, atomi nne za salfa kuizunguka, na pande mbili za kikaboni zenye salfa nyingine nyingi. Pengo kati ya ngazi iliyojaa na ngazi tupu ni dogo. Molekuli zinapobanana, salfa za hii hukaribiana na za ile, na kila ngazi hutanuka ikawa ukanda. Ukanda uliojaa na ule mtupu huingiliana. Elektroni chache huhamia wa pili na kuacha matundu katika wa kwanza, na vyote viwili hubeba umeme. Katika joto la chumbani upitishaji ulikuwa siemensi 400 kwa sentimita, na fuwele ilibaki metali hadi kelvini 0.6. Shaba huishinda zaidi ya mara elfu moja, lakini hapa hakuna molekuli ya pili iliyotoa wala kupokea elektroni. Hilo ndilo jambo kubwa.

Kuiita fuwele hii "metali ya molekuli moja" kunapotosha. Molekuli ikiwa peke yake si metali. Umetali ni sifa ya fuwele nzima. Wala haitokani na nikeli kugusana na nikeli, kwani njia kuu ya umeme ni salfa. Waandishi wa vitabu vya kemia, tafadhali msiliache neno "aina".