Chokaa Isiyo na Konokono: Ugomvi Juu ya Asili ya Kabonatiti

Pale Tororo, mashariki mwa Uganda, kuna jabali linalosimama peke yake juu ya mji. Eneo hilo limechimbwa mawe ya saruji kwa miongo mingi. Kwa mchimbaji ni chokaa tu: ukilidondoshea jiwe asidi linatoa povu, ukilichoma na kulisaga unapata saruji. Ila chokaa ya Mombasa au ya Tanga ukiichunguza utakuta matumbawe na magamba ya viumbe vya baharini. Ya Tororo haina konokono hata mmoja. Na bahari yenyewe iko wapi?

Swali hilo liliwagombanisha wanajiolojia kwa zaidi ya miaka hamsini, na mimi nimekuwa nikilifuatilia kama wengine wanavyofuatilia kesi za mirathi. Kesi yenyewe ndiyo hiyohiyo: huyu ni mtoto wa nani?

Jina alilitoa Mnorwe, W. C. Brøgger, mwaka 1921. Alichunguza mawe ya Fen, kusini mwa Norwe, akasema haya yalikuwa magma, yalipanda kutoka chini yakiwa maji ya moto. Akayaita kabonatiti. Mwaka 1924 N. L. Bowen, bingwa wa maabara za Marekani, akampinga. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Maabara zilikuwa zimeonyesha kwamba kalisi kabonati safi haiyeyuki mpaka ifike nyuzi zaidi ya 1,300 za Selsiasi, tena chini ya mgandamizo mkubwa. Joto hilo lingeacha alama kwenye mawe ya jirani, na alama hizo hazikuonekana. Naye Reginald Daly wa Harvard alikuwa na nadharia yake tangu 1910: magma ya kawaida ikipanda hukutana na tabaka za chokaa ya bahari, huimeza, na mawe haya ya ajabu ndiyo mabaki ya mlo huo.

Kwa ufupi, wengi walikubali kwamba kabonatiti ni chokaa ya bahari iliyopikwa upya. Nadharia nzuri, isipokuwa Afrika haikuisaidia. Mwaka 1937 Frank Dixey na wenzake walieleza vilima vya aina hiyo kule Chilwa, kusini mwa Nyasaland (leo Malawi), ambako magma ilipenya kwenye miamba mikongwe sana. Chokaa ya kumezwa ingetoka wapi?

Halafu ukaja mwaka 1960. Watafiti wawili, Wyllie na Tuttle, walionyesha kwamba ukichanganya kabonati na maji, mchanganyiko unaanza kuyeyuka kwenye nyuzi mia sita na kitu tu. Hoja ya Bowen ikaanguka. Mwaka huohuo J. B. Dawson, mwanajiolojia wa serikali ya Tanganyika, akaingia kwenye kreta ya Oldoinyo Lengai, ule mlima ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu, karibu na Ziwa Natron. Akakuta lava inatiririka, nyeusi na nyepesi kama tope, halafu baada ya muda inageuka nyeupe inapofyonza unyevu wa hewa. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba haifiki hata nyuzi 600. Kupeleka sampuli maabara, kumbe ni kabonati ya sodiamu na kalisi. Weupe ambao wasafiri wa zamani walikuwa wakiuona kileleni, lava hiyo ilitosha kuueleza.

Kwa hiyo kabonatiti inaweza kuwa magma. Sawa. Lakini hilo halikumaliza kesi, kwa sababu hata chokaa iliyomezwa inaweza kutiririka. Ulihitajika ushahidi wa damu, na hapo ndipo isotopu zinapoingia.

Hebu tulifafanue taratibu, maana ndilo tamu lenyewe. Strontiamu ina isotopu kadhaa, yaani atomi za elementi moja zilizotofautiana uzito. Mojawapo, strontiamu-87, huongezeka polepole sana kutokana na rubidiamu-87 inayooza. Nusu ya rubidiamu hiyo huchukua miaka karibu bilioni 49 kwisha. Strontiamu-86 haiongezeki. Sasa, rubidiamu inapenda kuandamana na potasiamu. Miamba ya chini ikiyeyuka, rubidiamu hukimbilia kwenye maji ya moto na kupanda nayo hadi kwenye ganda la dunia, ambako hukaa na kuzaa. Ndiyo maana mabara yana uwiano mkubwa wa 87 kwa 86, na mantili, lile tabaka nene chini ya ganda, ina uwiano mdogo. Mito humomonyoa mabara na kupeleka strontiamu baharini, viumbe huijenga ndani ya magamba yao, magamba huwa chokaa. Bahari ya leo ina 0.709. Basalti za katikati ya bahari, zitokazo kwenye mantili, ziko karibu na 0.703.

Tofauti iko kwenye tarakimu ya tatu baada ya nukta. Unaweza kucheka, lakini mashine za kupima uzito wa atomi hazicheki.

Na hapa madini yenyewe yanafanya kazi ambayo naona hayajasifiwa vya kutosha. Kalsaiti na apatiti, madini makuu ya kabonatiti, hukusanya strontiamu kwa wingi lakini rubidiamu karibu hayana. Basi tangu siku fuwele ilipoganda, uwiano wake haujabadilika kwa kiasi cha maana. Ni barua iliyofungwa. Jiwe la Ngualla, kule Songwe, lina umri wa takriban miaka bilioni moja, na ukilifungua bado unasoma hali ya magma ya siku ile.

Mwaka 1962 Powell, Hurley na Fairbairn walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya strontiamu kwenye kabonatiti, mwaka uleule na jarida lilelile ambamo Dawson alitangaza lava yake. Uwiano ulikuwa mdogo, wa kufanana na basalti, mbali na chokaa ya bahari. Chokaa ya kumezwa ikafutwa kwenye orodha ya wazazi. Baadaye isotopu za kaboni zilisema vivyo hivyo.

Lakini ugomvi mzuri hauishi kirahisi. Mwaka 1968 Mmarekani Charles Milton akauliza: mbona lava ya Lengai imejaa sodiamu, na pembeni kuna ziwa zima la magadi? Labda volkeno inapasha moto magadi ya zamani yaliyofukiwa chini yake. Mimi nampenda Milton kwa swali hilo. Mtu yeyote aliyesimama juu ya Natron angeliuliza. Jibu lake likaja kwa vipimo. Lava hiyo ina strontiamu zaidi ya asilimia moja, kiasi ambacho magadi ya ziwani hayakaribii kabisa, na uwiano wake ni kama 0.704, unaohusiana na wa lava nyingine za mlima huohuo. Uhusiano unakwenda upande wa pili: sodiamu ya ziwa kwa sehemu kubwa imetoka kwenye miamba ya volkeno.

Mwaka 1987 Keith Bell na J. Blenkinsop wakaongeza neodimiamu. Walipochora vipimo vya kabonatiti za Afrika Mashariki kwenye grafu, nukta zilijipanga mstari mmoja, ingawa volkeno hizo zimetawanyika kutoka Uganda hadi Tanzania. Mstari wa namna hiyo hutokea vitu viwili vinapochanganywa kwa vipimo tofauti, kama chai na maziwa. Yaani chini yetu mantili si uji mmoja. Kuna angalau vyanzo viwili vyenye historia tofauti. Mwaka 2009 Tobias Fischer na wenzake wakaonyesha kwamba gesi za Lengai zinafanana na zile za matuta ya katikati ya bahari. Bahari ikarudi kwenye kesi, ila safari hii kupitia kilichoko chini ya sakafu yake.

Kilichobaki ni jambo ambalo isotopu hizi haziwezi kulimaliza peke yake. Zinasema magma ilitoka wapi. Hazisemi ilikuwaje hata ikawa kabonati. Wengine, wakitumia mawe ya Shombole, volkeno iliyozimika upande wa Kenya kaskazini mwa Natron, wanasema magma moja hujitenga mara mbili kama mafuta na maji, na sehemu zote mbili hubaki na uwiano uleule wa strontiamu. Wengine wanataka kabonati iyeyuke moja kwa moja kwenye mantili. Huko Tororo lava za jirani na jiwe la saruji bado zinapimwa kwa sababu hiyo hiyo.